Mwezi Uliosimama Juu ya Kitanda cha Mama

Nilipokuwa mtoto, mwezi wa Kitengela ulikuwa bakuli, na bakuli halisimami kwa ubavu. Hayo nilifundishwa na Koko, Mmaasai mzee mwenye ploti tuliyopanga. Jina lake hasa sikulijua. Kila mtu alimwita Koko, yaani nyanya, hata wazee wenye mvi kama zake. Mwezi mchanga ukionekana jioni upande wa Ngong, umelala chali na pembe zake juu, Koko alisema umebeba. Ukiinama sana, unamwaga. Mvua, maziwa, watoto walio tumboni: chochote ulichopewa kushika.

Leo nimefika umri wa kusoma karatasi nikiwa nimeishikilia mbali kama nyoka, na nimezunguka kiasi cha kupoteza masanduku katika mabara matatu. Lakini kuna kipande changu kidogo, mahali karibu na kitovu, ambacho hakijawahi kuhama ile ploti.

Ilikuwa miaka ya tisini, wakati Kitengela ilikuwa na nyumbu wengi kuliko maduka. Baba alifanya zamu ya usiku kiwandani Athi River. Mama, mtu wa Machakos aliyeimba sauti ya pili kanisani, alikuwa na mimba, na mwaka uliotangulia alikuwa amepoteza nyingine. Sisi watoto hatukuambiwa. Tulijua kwa namna alivyoshuka kitandani, polepole, kana kwamba sakafuni kuna mayai. Kliniki walimwambia apumzike, asiinue hata sufuria.

Shuleni, Mwalimu Halima akaamua kutufundisha mwezi unavyokua na kuisha. Alikuwa ametoka Garissa, na kila Ramadhani ilipokaribia alitembea akitazama juu mpaka tukaogopa ataanguka shimoni. Alituagiza tulete boksi za sabuni na ile karatasi ya fedha ya ndani ya pakiti za sigara. Tukazunguka nje ya baa tukiokota pakiti kama watoto walioharibika. Tulipika gundi ya unga wa ngano, tukakata miezi: mchanga, nusu, mpevu, halafu inayopungua. Upande wa giza tukapaka masizi, upande wa mwanga tukabandika fedha. Kila mwezi ukapata uzi wake, yote ikaning'inia kwa mpangilio kwenye fimbo moja.

Mwalimu alichora ubaoni akifuata kitabu kilichochapishwa ng'ambo, na kitabuni mwezi mchanga ulisimama wima kama mundu. Mimi nikakata kama kitabu. Mwalimu akasema kazi yangu ndiyo safi kuliko zote, sifa ambayo sikuwa nimeizoea; kwenye hesabu, kwa mfano, nilisifiwa kwa kuja na penseli.

Nyumbani niliitundika kwenye boriti juu ya kitanda cha mama, apate kitu cha kutazama mchana kutwa. Alifurahi. Upepo ukipenya chini ya mabati, miezi ilizunguka na vipande vya mwanga vikatembea juu ya blanketi lake.

Jioni mwezi mpya ulipoonekana, Koko alikuja na kibuyu kidogo cha maziwa, kimefunikwa kwa nyasi mbichi. Kwao, mwanamke mwenye mimba humwagia mwezi mchanga maziwa kidogo na kuuomba umpe mtoto wake salama. Mama alikuwa ameshamweleza kwamba watu wa kanisa lake hawafanyi hivyo, nao wakapatana: Koko amwage na aombe, mama asimame kando, mikono kifuani, na kama amina itamponyoka, hakuna atakayeuliza.

"Takwenya," Koko alimsalimu mlangoni.

"Iko," mama akajibu.

Mimi nikainamisha kichwa anibariki kwa mkono, kama kawaida. Mkono haukuja. Nilipoinua macho, alikuwa anatazama juu ya kitanda.

"Nani amesimamisha mwezi hapa?"

Nikasema ni kazi ya shule. Mwalimu amesema ndivyo ulivyo.

"Mwalimu amesema," Koko akarudia. "Na kitu iko ndani, amesema itashikwa na nini?"

Mama akacheka, akamwambia hiyo ni boksi ya sabuni tu, asinitishe. Wakatoka nje. Nilisikia maneno ya Kimaa, nikasikia maziwa yakigonga vumbi. Mama alirudi ameshika ukuta, na leso yake nyuma ilikuwa na damu.

Koko hakupiga kelele. Alienda akasimama katikati ya barabara ya Namanga, kibuyu bado mkononi, mpaka pikapu ya mchuuzi wa mbuzi aliyekuwa anarudi kwake Kajiado ikasimama. Dereva hakuwa na la kuchagua. Mama akalazwa juu ya magunia yenye harufu ya mbuzi. Aliniambia nikae na mdogo wangu Mutua, nifunge mlango. Koko akapanda kando yake, halafu akaniinamia kutoka juu.

"Hiyo mwezi yako, enkerai ai. Ilaze."

Enkerai ai, mtoto wangu, ndiye mimi, na hiyo ndiyo kazi aliyoniachia.

Watu ninaowasimulia huniuliza, kwa sauti ya watu wenye akili, kwa nini sikuing'oa tu nikaitupa. Nani ang'oe mwezi mama yake akiwa njiani? Ukiung'oa si ndiyo umekufa?

Nilipanda kitandani. Nikaushika mwezi wa kwanza nikaulaza chali. Nilipouachilia, ukageuka polepole, ukasimama. Nikaulaza tena. Ukasimama tena, na safari hii nikaona kabisa kitu kikimwagika. Mutua alianza kulia kwa sababu mimi nilikuwa nalia. Nikaushikilia kwa mkono, nikawaza kwamba labda itabidi nisimame hivyo mpaka gari lifike, ila sikujua Kajiado ni mbali kiasi gani, na mkono ulikuwa umeanza kufa ganzi.

Ndipo nikaona kosa. Niliufunga uzi kwenye pembe moja. Kitu kilichofungwa pembe moja kitalalaje? Nikatafuta sindano ya mama, nikatoboa pembe ya pili, nikafunga. Ukatulia. Nikaenda kwa unaofuata. Uzi ulipoisha nilifumua pindo la sketi yangu ya shule. Nikajidunga kidole, nikaacha damu kidogo kwenye fedha, jambo lililonitisha upya. Nusu mwezi niliulaza ubapa juu. Mwezi mpevu sikujua niufanye nini, nikauacha. Huo hauna pa kumwagia.

Asubuhi, kabla baba hajarudi kutoka zamu, Koko alishuka kwenye basi. Aliingia, akatazama juu ya kitanda kabla ya kunitazama mimi. Nilitaka kumkaba.

"Mama yako yuko," alisema mwishowe. "Na mtoto bado yuko ndani."

Hospitalini walikuwa wamemlaza chali, wakaweka matofali chini ya kitanda upande wa miguu. Koko alinionyesha kwa mikono jinsi kilivyoinuliwa, ameridhika kabisa. "Asimwage," alisema. "Hata daktari anajua."

Mama alikaa Kajiado juu ya matofali yale mpaka akazaa msichana mdogo mwenye makelele. Nduku leo ni mtu mzima, na akiongea Kitengela anasikika Isinya.

Miaka mingi baadaye, baridi yangu ya kwanza kaskazini ya mbali, nilitoka kazini jioni nikauona mwezi mchanga umesimama wima juu ya paa, vilevile kama kitabuni. Kitabu hakikudanganya, kilikuwa kinaongea habari za kwao. Hayo niliyaelewa vizuri sana, huku nimesimama kwenye theluji ndani ya koti kama godoro, nikimpigia Nduku simu kumuuliza kama yuko salama. Aliniuliza nimekunywa nini.

Kwa muda mrefu nilimkasirikia Koko. Mtoto mdogo hatwikwi mwezi. Lakini nimekuwa mtu mzima, nimekaa kwenye benchi za hospitali za lugha nyingi, nikiambiwa kwa upole nisiwe na wasiwasi, na sijaona maneno yanayomwacha mtu mpweke kama hayo. Koko hakuniambia nisiogope. Alinipa kitu cha kufanya na hofu yangu.

Siku moja, tukichambua maharagwe, nilimuuliza mama aliwaza nini kwenye ile pikapu. Nilidhani atasema kifo, au Mungu. Alisema aliwaza tu kama nitakumbuka kumpa Mutua chakula.

"Ulimpa?" akauliza.

Hakuna aliyekula jioni ile. Nilimwambia ndiyo, mama, alikula akashiba. Akaitikia kwa kichwa taratibu, na nikaona mabega yake yakishuka.