Ekseli Iliyokuwa Kengele

Ngiii! Nakumbuka mlio huo kama umegongwa leo, mwanangu, mlio wa chuma kilichotundikwa mtini nje ya kanisa dogo la kigango, kule Murukulazo. Na usicheke nikikuita mwanangu. Miaka yangu si mingi, lakini mdogo wa mama yako ni mama yako, na si lazima mtu aote mvi ndipo awe na neno la kumwachia mtoto.

Unaijua landrova ya Babu, hii unayoilalamikia kwamba inakutikisa mpaka meno. Ilibaki kidogo ikatwekatwe. Ekseli yake ilivunjika, ile fimbo ndefu ya chuma inayozungusha gurudumu la nyuma, na gari likakaa uani hapa Nyakahura mpaka kuku wakataga kwenye kiti cha dereva. Wajomba zako wakaamua: wanunuzi wa vyuma chakavu wakirudi wakalikuta halitembei, walibebe. Babu hakubisha. Alihamishia kigoda chake kando ya gari, akawa anakunywa chai pale, kama mtu anayekaa na mgonjwa.

Moyo wangu haukuvumilia. Nikamganda fundi Deo, yule wa pale barabarani. Akacheka. "Dada, spea ya gari hili dukani haipo. Iko kanisani."

Nilidhani utani wake. Kumbe gari la aina hiyohiyo lilifia Murukulazo zamani, watu wakagawana: mlango ukaenda banda la mbuzi, kioo kikawa dirisha la nyumba ya mtu, ekseli ikatundikwa kigangoni ikawa kengele. Tukafunga safari, Deo amebeba begani kipande kirefu cha ekseli yetu iliyovunjika, ili akalinganishe.

Tulifika inagongwa. Nilisimama palepale njiani, mwanangu. Mlio ulitoka, kilima cha kwanza kikaupokea, kikampa mwenzake, na mwili wote ukanisisimka. Aliyegonga alikuwa bibi mmoja mwembamba, Bibi Anastazia. Alipoweka nyundo chini, Deo akapima kile chuma kwa kamba ya mgomba. "Ndiyo yenyewe!" akanong'ona, na mara yuko juu ya mti anafungua fundo.

"Shikamoo, Bibi," nikasema haraka.

"Marahaba. Huyo nyani wako mwambie ashuke."

Deo akashuka.

Nikamweleza habari za Babu na za wale wa vyuma chakavu. Alinisikiliza mpaka mwisho, ndipo akasema, "Mwana wanje, mwanangu we, watu walipokimbia vita ng'ambo ya mpaka, walipita hapa kwenye ukungu, mama haoni mtoto wake. Nilikigonga chuma hiki mpaka mkono ukavimba. Waliopotezana wakaufuata mlio, wakakutana hapa ulipokanyaga. Sasa nawe unakihitaji, sawa. Ukiondoka nacho unaniachia nini? Mkono mtupu haulambwi."

Nilitazama ardhi chini ya miguu yangu, nikatamani hata kuvua viatu. Wakati huohuo nikamwona Babu na kikombe chake cha chai, na machozi yakaja.

"Na hicho alichobeba nyani?" Bibi akauliza.

"Kimevunjika, Bibi. Hakibebi tena mzigo."

"Kwani mimi nina mzigo gani? Kitundike."

Deo akapitisha kamba kwenye tundu la bolti, akakitundika. Bibi akagonga. Mlio wake ulikuwa mwembamba kuliko wa kwanza, ukapanda juu, ukavuka bonde. Tukangoja. Kilimani ng'ambo mwanamume mmoja akainuka kutoka kwenye maharage yake, akapaza sauti, "Bibi! Kuna msiba?"

"Hakuna! Lima!" Kisha akanigeukia, anacheka na pengo lake. "Mlio umefika. Haya, chukua chako."

Deo akaifunga ile ekseli, na siku Babu alipoliwasha gari likasogea, alivua kofia kama mtu aliyeingia ibadani. Mimi nilikuwa nasikiliza gurudumu la nyuma tu, nikiwaza ni miguu ya watu wangapi iliyowahi kukifuata chuma kile kwenye ukungu.

Basi mwanangu, shika hili. Ukienda kuomba kitu kwa mtu, uliza kwanza kinafanya kazi gani pale kilipo, wala usiondoke ukaacha pengo. Na chako kilichovunjika usikitupe kabla hujakigonga ukakisikiliza, maana kushindwa kazi moja si kushindwa zote. Siku utakayofeli, au utakayoachwa na uliyemtegemea, jigonge polepole usikie umebaki na mlio gani.

Mungu akupe wazee wakali wenye huruma. Akupe jirani anayeinuka shambani kukuuliza kama kuna msiba. Akufikishe unakokwenda, na akurudishe.

Leo asubuhi, wewe bado umelala, nilifungua peke yangu boneti ya landrova itakayokupeleka safari yako, nikajaza maji rejeta mpaka mdomoni, nikafuta kifuniko kwa ncha ya kanga, nikakifunga.