Mara ya Tisa Kabatini

Fundi wa sauti wa Majengo, Nyeri, hana studio. Ana chumba cha kulala. Ukutani amebandika trei za mayai alizookota sokoni Karatina, na kila anayekuja kurekodi humwimbisha ndani ya kabati la nguo, katikati ya makoti na blanketi, eti sauti isirudi na mwangwi. Jannat alikuwa amesimama humo tangu asubuhi kwa qasida moja tu ya harusi ya dadake, na harusi yenyewe ni kesho. Kila alipokaribia mwisho, kidole kirefu cha fundi kilipanda juu polepole.

"Iko na kelele hapo nyuma. Rudia tu mara moja."

Hiyo mara moja ilikuwa ya tisa. Fundi alikuwa ameshazima friji, akatoa betri kwenye saa ya ukutani, akamwomba jirani amfungie jogoo, na kelele bado ipo, mngurumo mdogo kama wa nyuki ndani ya chupa. Wala hakukasirika, na hilo ndilo lililomchoma Jannat. Akampokonya hedifoni zake zilizofungwa kwa selotepu, akaisikiliza rekodi ya mwisho mwenyewe. Mngurumo ulipanda naye kwenye kiitikio, ukashuka naye.

"Fundi, hiyo kelele ni wewe! Unaimba na mimi!"

"Ati mimi?"

Alijipangusa mikono kwenye suruali, akaiacha kompyuta ikirekodi, akatoka nje na kufunga mlango. Jannat akarudi kabatini, akaanza mara ya kumi. Dirishani alimwona amesimama kwenye manyunyu, ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili, mabega yakiyumba kufuata qasida.