Pedali ya Mguu wa Kushoto

Mpira ulioshikwa kwa miaka mingi na mikono yenye jasho una harufu yake. Si nzuri, si mbaya. Inafanana na ya viatu vya mvua vilivyoanikwa juani, na ndani yake kuna kitu cha chumvi. Niliikuta wiki iliyopita, kilio cha msiba wa Papa, baba yangu, kilipokwisha, tulipofungua chumba chake ili kugawa nguo. Usukani wenye mpira huo ulikuwa juu ya kabati, umefunikwa kwa taulo. Niliuinamia nikaunusa, na shangazi zangu wakatazamana. Wao nilishindwa kuwaeleza. Ninyi nitawaeleza.

Papa alikuwa shofa wa lori. Alibeba samaki wakavu kutoka Pweto hadi hapa Lubumbashi, na mama yangu aliwauza sokoni, ndivyo walivyojuana. Nilipokuwa na miaka tisa, lori lilipinduka karibu na Kasomeno, na hospitalini wakamkata mguu wa kushoto, juu ya goti. Aliyerudi nyumbani alikuwa mtu mwingine. Alikaa barazani kwenye kiti cha plastiki, mguu mmoja wa suruali umekunjwa na kubanwa kwa pini, akisikiliza malori yanayopita. Mara moja moja alisema, "Ile iko na freni mubaya," kisha hakusema tena mpaka jioni.

Mwaka huo mjomba wetu wa Kipushi alitupa kompyuta ya zamani. Kaka yangu mkubwa, Yaya Banza, akaweka ndani yake mchezo wa mashindano ya magari, akawa anaendesha kwa kubonyeza vitufe. Siku moja Papa alichukua magongo yake, akaja kusimama nyuma yake, akatazama gari likigonga ukuta mara tatu.

"Banza, uko unaendesha ao uko unapiga akordeo?"

"Papa, ni vile banaendeshaka."

"Na vidole? Apana. Motokari banashika volan."

Mama yangu alikuwa anachambua samaki. Aliinua kichwa. Tangu hospitali, hiyo ilikuwa mara ya kwanza Papa kutaka kitu chochote. Kesho yake Mama alitutuma mjini, Papa na mimi, tukatafute huo usukani. Mlangoni alinishika bega, akaninong'oneza: "Usimurudishe bila volan. Unasikia?"

Nilisikia. Nawaambia ukweli, pia niliutaka kwa ajili yangu mwenyewe.

Tulikwenda kwa Mzee Saleh, mtu wa Maniema, aliyeuza vitu vya okazio, yaani vile vilivyokwisha kutumiwa Ulaya. Duka lake lilinuka vumbi la redio na ubani. Alikuwa na sukani mbili za michezo. Wa kwanza uligeuka bila sauti, na chini yake kulikuwa na pedali mbili tu, ya mafuta na ya freni. Wa pili ulikuwa mzito, mpira wake umechubuka. Ukiugeuza ulikwaruza ndani kama mtu anayesaga mahindi, na ulikuwa na pedali tatu na mkono wa gia.

Papa alizikagua kama alivyokuwa akikagua lori kabla ya safari. Alitikisa kila usukani kuona kama umelegea. Alitega sikio. Mzee Saleh alipoziunga na kompyuta yake, Papa aliuzungusha kila mmoja hadi mwisho na kuuachia, aone kama utarudi katikati wenyewe. Akakanyaga freni kwa mguu wa kulia. "Hii iko nguvu. Muzuri. Freni ya kulegea inauaka bantu."

Kisha akanigeukia. "Mama Ngoie, tukamate gani?" Aliniita hivyo kwa sababu nilipewa jina la mama yake.

"Ile ya pedali tatu," nikasema, nikijiona mjuzi. "Ya mbili ni ya batoto. Shofa wa kweli iko na tatu."

Mzee Saleh alitazama ile pini ya suruali. "Lakini, mutoto wangu, Papa yako..."

"Mzee, yee njo amechagua," Papa alimkatiza, akininyoshea kidole. "Funga."

Nyumbani Yaya Banza aliubana usukani kwenye meza na kuzisukuma pedali chini yake. Papa akaketi. Mguu wake wa kulia ulifika vizuri kwenye mafuta na freni. Pedali ya kushoto ilibaki peke yake mbele ya suruali iliyokunjwa. Hapo ndipo nilipoona. Ilikuwa ile ya ambreyaji, ambayo shofa huifinya kila anapobadilisha gia, na bila hiyo gari haliendi. Mtoto wa shofa mzima, nilikuwa nimesahau kwamba hiyo hukanyagwa kwa mguu wa kushoto.

"Sasa ile atakanyaga na nini? Na ulimi?" Yaya Banza aliniuliza. "Kichwa yako iko ya samaki."

Mama yangu alimtupia ndala. Mimi nikaanza kulia, nikasema turudishe. Papa alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akafuta macho, kwa kile kicheko tulichodhani kimebaki Kasomeno.

"Nani analia? Ingia chini ya meza," akasema. "Weye njo mguu yangu. Nikisema shika, finya mpaka chini. Nikisema achia, achia polepole, kama unaweka yai."

Basi nikaingia. Chini ya meza kulikuwa na joto na harufu ya dawa ya kuchua aliyojipaka, na saruji ilinibaridisha makalio. Nilifinya kwa mikono miwili. Siku za kwanza gari lilizima kila tulipoanza, na Papa aliwaomba radhi abiria ambao hawakuwepo. Baadaye nilijifunza kusikia injini ikipanda, na hakuhitaji tena kusema. Mkono wake ukienda kwenye gia, mikono yangu ilikuwa imekwisha kufika. Mchezo ulikuwa na milima na bahari za Ulaya, lakini Papa aliziita kwa majina ya njia yake. "Tumefika Kasomeno, shuka ununue mihogo," alisema, nami nilicheka huko chini bila kuona kitu zaidi ya pedali na mguu wake. Tuliendesha hivyo kila siku baada ya shule, umeme ukiwepo.

Kuna siku moja nisiyopenda kuisema. Wenzangu walikuwa wanaruka kamba nje, Papa akaniita, nikamjibu, "Nimechoka kuwa mguu yako." Hakunikaripia. Alisema, "Sawa, Mama. Enda ukacheze." Nilipopita dirishani nikamwona ameketi, mikono juu ya usukani, na gari kwenye kioo cha kompyuta limesimama. Nikaenda kuruka kamba. Kesho yake nilirudi chini ya meza, tukaendelea na safari.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba nilikosea dukani, kisha nikalipa kosa langu kwa mikono yangu, na kwamba bila mimi Papa asingeendesha. Nilijivunia hivyo. Wiki iliyopita, tukiosha vyombo vya wageni wa kilio, Yaya Banza aliniambia kwamba ule mchezo ulikuwa na sehemu ya kuchagua gia zijibadilishe zenyewe, bila ambreyaji. Jioni ile ile niliyolia alimwonyesha Papa. Papa alitazama, akaelewa, akamwambia: "Zima ile. Na usimuambie. Akijua, ataona hana kazi."

Sijui kama alifanya hivyo kwa ajili yangu tu. Huenda naye alihitaji mtu wa kusafiri naye. Alikuwa na utingo, msaidizi wake garini, aliyezikwa baada ya ajali ile, na Papa hakumtaja kamwe. Sitamsemea. Ninachojua ni kwamba nafasi ile chini ya meza alinipa yeye, na wala mimi sikumwokoa na chochote.

Nami nairudia siku ile ya kamba. Gari lilikuwa tayari kwenye kioo, mguu wake wa kulia ulikuwa mzima, na alijua jinsi ya kuendesha bila mimi. Hakuendesha. Namshukuru kwa safari zote tulizokwenda, na zaidi ya zote namshukuru kwa hiyo moja ambayo hakwenda.