Suti ya Tarishi

Juzi nilipigiwa simu kutoka Kegonga, nikaambiwa kwamba tarishi mmoja mstaafu niliyefahamiana naye Homa Bay amefariki. Wasomaji wangu wa siku nyingi huenda mnamkumbuka. Ndiye niliyemwandika hapa miaka michache iliyopita na kumwita "mkurugenzi wa bahasha," kwa kuwa alisambaza barua za ofisi akiwa amevaa suti nyeusi na tai, katika joto lile la kando ya ziwa ambalo sisi wengine hutufungulisha vifungo viwili. Mlicheka sana, wengine mkaniandikia kunipongeza. Nami kichwa kikavimba.

Wiki haikuisha kabla mkubwa wake, aliyeisoma safu, hajamwamuru avae koti la kazi la buluu kama matarishi wenzake. Mzee alinikuta hotelini nikila samaki, akavuta kiti. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitia aibu. "Mwandishi, nimesoma," alisema. "Umeandika vizuri, lakini hukuniuliza." Basi nikamuuliza, nikiwa nimeshachelewa. Akanieleza kwamba kabla hajaoa alimsindikiza mama yake hadi ofisi moja Migori kufuatilia karatasi za shamba. Mtu wa mlangoni, shati wazi hadi kifuani, aliwaonyesha benchi kwa mdomo tu, akaendelea na gumzo lake. Walikaa pale mpaka ofisi ikafungwa. "Mimi sivai suti ndio nionekane mkubwa," akasema. "Navaa ndio mama kama yule akifika mlangoni ajue kuna mtu alijitayarisha kumpokea."

Siku chache baadaye nilipita ofisini kwao. Bibi mmoja aliyetoka upande wa Kendu Bay aliingia na karatasi zake mkononi. Mzee akamwendea na koti lake la buluu. "Mama, lete nikuonyeshe mahali pa kwenda."

"Wacha tu, baba," bibi akajibu kwa upole. "Mimi natafuta jaduong', mkubwa wa ofisi, siyo mtu wa kufagia."

Akampita, akamfuata kijana mmoja mtanashati aliyekuwa na simu sikioni. Kijana alimwambia arudi kesho. Mzee alisimama pale, mikono mifukoni, akimtazama bibi akitoka. Kwa muda uliosalia hadi astaafu, nilisikia, watu wengi walimpita vivyo hivyo.

Sisi waandishi tuna ugonjwa wa kusoma nguo ya mtu kisha kudhani tumemsoma mwenyewe. Tai tunaiita majivuno, na buibui ya mwenye duka tunaitungia hadithi hata kabla hatujamsalimia. Sijui ni mara ngapi nimefanya hivyo. Ni mara moja tu ambayo najua ilimgharimu nani.

Nilikwenda mazishini. Mjane wake aliambiwa mimi ndiye wa gazeti, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Alikuwa anakusoma kila wiki," akasema. "Karibu, kula kwanza." Nilikula nikiwa nimeinamisha uso. Mtu niliyemvua heshima mbele ya umma aliendelea kununua gazeti ninaloandikia, wala sikupata kumwomba msamaha hata faraghani. Kwa hiyo mzee, nauomba hapa, mbele ya wale wale niliowachekesha: nilikukosea.