Wakwe Katika Darasa la Sita

Mimi shule niliifikia mlangoni tu. Niliishia darasa la pili, mwaka ambao mama alijifungua mapacha, mtu wa kumbeba mmoja wao mgongoni akawa mimi. Na mpaka leo bado nambeba, maana hata sasa mzee mzima akikosa mbegu anakuja kwangu. Kwa hiyo nikisema habari za shule msinihesabie makosa. Biblia naisoma kwa kidole, na pale sokoni Daraja Mbili hakuna mnunuzi wa ndizi aliyewahi kunidanganya hesabu. Hayo yananitosha.

Mjukuu wangu alikuwa darasa la sita, ama gredi, siku hizi ni gredi. Wazazi wake wamejenga hapo chini ya shamba langu la chai, lakini yeye analala kwangu, kwa sababu msichana akishakuwa mkubwa halali nyumba moja na baba yake. Jioni moja alinikuta namenya ndizi za kupika akanisomea haki za mtoto kutoka kwenye daftari. Mwalimu wao, mama kijana aliyeletwa kutoka upande wa Nyamira, alikuwa amewafundisha. Haki ya jina, haki ya kula, ya kucheza, ya kusoma, ya kutopigwa.

"Na haki ya kuosha sufuria iko ukurasa gani?" nikamuuliza.

"Hiyo si haki, Magokoro. Huo ni wajibu." Magokoro ndiyo nyanya kwetu. Akaenda akaosha, tena bila kununa. Nikasema mwalimu huyo ana akili.

Akili ni nzuri lakini tumbo lilikuwa limemtangulia. Muhula wa pili akaenda kujifungua, na shule nzima ikabaki na walimu wanaume tupu. Hakuletwa mwingine. Mjukuu wangu naye akaanza kukosa shule siku tatu, siku nne, kila mwezi. Mama yake akasema ni minyoo akampa dawa. Mwezi uliofuata minyoo ikarudi tarehe zile zile. Nimezaa wasichana watano, minyoo ya namna hiyo naijua.

Nikamwita jikoni nikamuuliza wazi. Mimi naweza kumuuliza. Kwetu nyanya na mjukuu hawana siri, wanataniana hata mambo ambayo mama mtu akiyasikia anatoka nje. Akaniambia. Serikali inaleta pedi shuleni, katoni nzima, za wasichana, bure. Zamani zilikuwa kwa yule mwalimu mama, msichana alimnong'oneza tu akapewa. Alipoondoka, ufunguo wa kabati ukaenda kwa mwalimu mkuu. Sasa ukitaka unabisha ofisini, walimu wanaume wanne wanakunywa chai, mkuu anakuuliza, "Unataka nini?" Ukishasema unachotaka, unaandika jina lako kwenye daftari.

"Nani ameandika?"

"Hakuna. Daftari ni jeupe."

Ona sasa. Daftari jeupe, katoni imejaa, na watoto wamekaa nyumbani na vipande vya godoro. Nikiulizwa kitu kinachonikasirisha duniani, sitasema ukame wala bei ya majani chai. Nitasema kitu kilichopo halafu kimefungiwa.

Ikaja barua ya mkutano wa wazazi. Mjukuu akanisomea: haki za watoto, na mengineyo. Akanishika mkono. Mtihani wa darasa la sita ulikuwa umebakiza wiki tatu, na alikuwa amehesabu siku zake kwa vidole. Zilikuwa zinaangukia pale pale juu ya mtihani.

"Mtasema?" akaniuliza.

"Kwa mdomo huu? Nitasema." Maana mdomo wangu unajulikana kutoka hapa hadi Marani. Kwenye arusi naitwa nisimulie, na visa vyangu vingine mchungaji huvisikiliza akiangalia dari. Siku moja nilisimulia cha fisi aliyeoa kwa mbuzi wa kuazima, bwana arusi akakasirika akidhani namsema yeye. Na kweli nilikuwa namsema yeye. Lakini hicho si cha leo.

Tukaketi darasa la sita, kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa kidevu. Na hapo ndipo lazima nieleze jambo, maana asiye wa kwetu hataelewa. Sisi tuna heshima tunayoiita chinsoni. Baba mkwe na mke wa mwanawe hawatajiani mambo ya mwili. Wala baba na binti yake. Mama mkwe na mume wa binti yake ndio kabisa, hata mkono hawapeani. Sasa kijiji kizima ni ukoo mmoja. Wazee wote waliokaa mbele ni baba wakwe wa wanawake wote waliokaa nyuma. Na mwalimu mkuu, aliyesimama ubaoni, ameoa binti ya shemeji yangu, ndugu wa marehemu mume wangu. Ni mkwe wangu. Mtu aliyeita mkutano huo wa kuzungumzia miili ya wasichana alikuwa amewaweka wakwe wote chumba kimoja na kufunga mlango.

Mkuu akasoma. Jambo la kwanza, viboko. Hilo wazee walilirukia kama nyama. Mmoja akasema watoto wameshiba haki, mwalimu achape tu, sisi atuachie mifupa. Mwingine akasema sheria imekataza. Wa kwanza akamuuliza kama sheria ndiyo iliyomlea yeye. Saa nzima. Jambo la pili, ng'ombe wa fulani ameingia kwenye bustani ya shule. Nusu saa, na mwenye ng'ombe akaapa kwamba ng'ombe wake hali kabeji. La tatu likawa "usafi", mkuu akalisoma haraka akafunua ukurasa.

Mama mmoja kijana nyuma akasimama. "Kuna lile jambo, mwalimu."

"Jambo gani, mama?"

"Lile la wasichana."

Baba mkwe wake aliyekuwa mbele akavua kofia akaanza kuichunguza kana kwamba ameinunua siku hiyo. Mama akamwona. "La usafi," akasema, akaketi.

"Usafi ni muhimu," mkuu akaliambia dirisha. "Vyoo vitafagiliwa." Katibu akaandika vyoo vitafagiliwa.

Na mimi? Mimi mwenye mdomo wa kufika Marani niliangalia magoti yangu. Nilifungua kinywa mara mbili, nikamwona mkwe wangu ubaoni na tai yake, kinywa kikajifunga chenyewe. Tukaomba, tukaenda nyumbani.

Mjukuu alikuwa amekaa kwenye ngazi ya jikoni. "Mmesema?"

"Tumekubaliana vyoo vitafagiliwa."

Akaniangalia. "Magokoro, vyoo tunafagia sisi."

Hilo lilinichoma kuliko kama angelia. Siku chache kabla ya mtihani akaniambia atakaa nyumbani, na kama hesabu yake ni kweli basi mtihani utampita. Alisema polepole, bila kuninung'unikia, na hapo nikakasirika hasa. Nilimkasirikia mkuu, wazee, mama yake wa minyoo, serikali iliyoleta katoni bila kuleta mwanamke wa kuifungua, na zaidi mimi mwenyewe.

Asubuhi nikafunga leso nikaenda shuleni. Sikuingia ofisini. Nilisimama upande wa nyuma, chini ya dirisha, mgongo wangu kwa ofisi, nikamwita mpishi wa shule. Mpishi ni mama wa rika langu, anatoka ng'ambo ya mto, hana ukwe na mtu yeyote pale, ndiyo maana anaweza kumkaripia kila mtu. Akaja na mwiko.

"Mwambie mwenye ofisi hii," nikasema kwa sauti, "watoto wetu wanakaa nyumbani kwa sababu ya kabati lake."

"Mwambie mwenyewe. Dirisha liko wazi, ana masikio kama sufuria."

"Ni mkwe wangu."

"Ninyi na wakwe zenu mtakuja kufa kiu mtoni." Akageukia dirishani. "Mwalimu, mama mkwe wako anasema watoto wanakaa nyumbani."

Kisha sauti ya mkuu, ya chini, kama mtoto aliyefumaniwa akilamba sukari: "Mwambie mama kwamba katoni ni mali ya serikali. Lazima kuwe na daftari."

"Anasema daftari," mpishi akaniambia.

"Nimesikia. Muulize daftari lina majina mangapi."

"Ana—"

"Nimesikia," mkuu akasema. Kisha, "Mwambie mama hata mimi sijui nifanye nini. Nikimwita msichana, naonekana vibaya. Nisipomwita, wanakaa nyumbani. Mkutanoni ningesemaje, na nyote wakwe zangu mlikuwepo?"

Sikutegemea hilo. Nilikuwa nimekuja na maneno mengine makali, nikakosa pa kuyaweka. "Mwambie," nikasema, "ampe ufunguo mtu anayeweza kusemeshwa."

"Nani?" mpishi akauliza, halafu akaangalia mwiko wake. "Oh. Mimi nina maharagwe motoni."

Mkuu akatoka na ufunguo na daftari. Hakunikaribia. Akaviweka juu ya ngazi, akarudi ndani akafunga mlango taratibu. Mpishi akaviokota. Siku hiyo hiyo katoni ikahamia stoo ya jikoni, kati ya gunia la mahindi na gunia la maharagwe, na kwenye daftari wakakubaliana aandike idadi tu, si jina.

Siku ya pili ya mtihani mjukuu wangu alipita jikoni kwa mpishi kabla ya kengele, akatoka, akanawa mikono kwenye tangi, akaingia darasani na wenzake. Mtihani aliufanya wote. Sijui amepata nini, hilo ni lake na walimu.

Mpishi alinipata sokoni baadaye. Akasema yule mwalimu mama atarudi mwaka ukianza, na mkuu anataka ufunguo umrudie mwalimu huyo.

"Usimpe," nikamwambia. "Na akizaa tena?"