Mzinga Unaotoa Mara Mbili kwa Mwaka

Siku hizi mwezi wa Idd unatangazwa redioni, na mimi redio sijaizoea. Ninautamani ule mshindo wa uani kwetu Nyamirambo, mtaa wa Waislamu huku bara, baada ya magharibi, uliofanya mbwa wa mtaa mzima wabweke na bibi yangu acheke peke yake.

Ulikuwa mshindo wa gobori la marehemu babu, alilokuja nalo toka pwani. Halikuwa na risasi, lilishindiliwa baruti na matambara tu. Bibi aliliita mzinga, kwa sababu kwao pwani mwezi ulipigiwa mzinga. Masikio yake yalikuwa yamekufa zamani. Adhana hakuisikia, wala sisi hakutusikia mpaka tumpigie kelele. Mshindo ule aliusikia, na bila huo hakukubali kuwa mwezi umeandama, akaendelea kufunga.

Ikaja amri kwamba kila mwenye bunduki aisalimishe komini, kwenye ofisi ya serikali. Barazani kwa baba, aliyekuwa fundi cherehani, watu hawakuzungumza jingine.

"Gobori hili limeua nani?" aliuliza baba mkubwa. "Wanatuvua nguo tu."

"Ile ya harusini nayo ilikuwa ya furaha," alijibu baba.

Rafiki yake baba alikuwa ameuawa kwa bunduki iliyopigwa kumshangilia bibi harusi. Kanzu aliyokuwa ameivaa, baba ndiye aliyemshonea. Lakini hata baba, pamoja na maneno yake yote, gobori hakulipeleka. Alijua nani angeumia.

Siku moja polisi wa komini akaja, baba akiwa sokoni kununua vitambaa. Alimkuta bibi anachambua mchele, mimi nikiwa kando yake, akamwinamia sikioni na kupaza sauti.

"Mukecuru, bibi! Hapa iko mbunda?"

"Bunduki hakuna, mwanangu. Kuna mzinga tu."

Yule kijana wa Kinyarwanda aliposikia mzinga akawazia nyuki na asali. Uso ukamchangamka.

"Iko inatoa mara ngapi?"

"Mara mbili kwa mwaka," alisema bibi, akihesabu Idd zake.

"Basi ikitoa muniwekee kidogo!"

Bibi hakulisikia hilo, akaitikia tu kwa adabu. Polisi akaenda zake akilamba midomo. Nilicheka hadi nikakaa chini.

Baba aliporudi nikamsimulia, hakucheka. Akasema mama yake hajawahi kusema uongo na sasa amegeuzwa mwongo bila kujua. Kesho yake alilifunga gobori katika shuka, akalipeleka mwenyewe. Nilimchukia kwa siku nyingi, na nilijua ana haki. Hadi leo nikiulizwa juu ya sheria za bunduki nasema ziwe kali, tena kali zaidi, kisha moyo unaniuma.

Idd iliyofuata mwezi uliandama. Asubuhi nyumba nzima tulivaa nguo mpya, vitumbua vikatoka vikifuka moshi. Bibi alikaa na kanga yake ya jana, hajagusa chai.

"Mama, mwezi umeandama!" baba alimpigia kelele.

"Ungeandama ningesikia."

"Mzinga haupo! Nimeupeleka komini!"

"Basi nangoja."

Kufunga siku ya Idd ni haramu, na baba alilijua hilo vizuri. Alipiga magoti mbele yake. Akalia, mtu mzima, na kanzu yake mpya. Bibi akamfuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Nani amekufa?"

Baba akatikisa kichwa. Akachukua kitumbua, akakishika tu mbele yake. Bibi akakipokea.

"Nitakula," alisema, "kwa sababu wewe ndiye umeniambia. Mimi sijasikia kitu."

Akala polepole. Kisha akanigeukia, akaniuliza kwa ile sauti kubwa ya watu wasiosikia hata sauti zao:

"Na wewe, ulisikia?"

Nikatikisa kichwa.

"Kumbe tuko wawili," akasema, akanisogezea sahani.