Mlinzi aliyetafuta Doha nzima mtu wa kuelewa kilio chake

Saa kumi na mbili asubuhi, lori la kwanza la mboga linarudi kinyumenyume kwenye lango la nyuma la jumba moja la maduka jijini Doha. Nasimiyu anainua mkono, linasimama. Anachukua kitambulisho cha dereva, ananakili namba ya gari, anachungulia makreti ya nyanya, kisha anaashiria lipite. Jua halijakaa sawa angani, lakini kola ya shati lake imeshaloa jasho.

Huku nyuma hakuna mgeni wa kukaribishwa. Kuna mapipa ya taka, paka wawili walionenepa kwa mabaki ya samaki, na kiti cha plastiki kilichovunjika mgongo. Hadi Oktoba mwaka jana, mama huyu wa miaka 34 alikuwa mlango wa mbele, penye marumaru na kiyoyozi, akipekua mikoba ya akina mama kwa tabasamu ambalo kampuni ililihesabu kuwa sehemu ya sare, sawa na kofia.

"Kule mbele nilitolewa kwa sababu ya kulia," anasema, akifungua kitabu cha zamu. "Waliandika eti mimi ni mgonjwa wa kichwa. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa nimefiwa."

Mama yake, Mama Proscovia, alifariki dunia Jumanne moja ya Agosti mwaka huo huko Kimilili, Kaunti ya Bungoma. Ndiye aliyekuwa akiwalea mabinti wawili wa Nasimiyu kwa miaka minne aliyokuwa Qatar. Nasimiyu aliomba ruhusa. Msimamizi alimpa pole, tena ya dhati, kisha akamweleza kuwa walinzi watatu walikuwa likizo na kwamba angoje mwisho wa mwezi.

Maiti haingoji mwisho wa mwezi. Mama Proscovia alizikwa Jumamosi, na bintiye alifuatilia mazishi kwa simu ya video akiwa chooni, wima, sauti ameipunguza, katika nusu saa yake ya chakula. Jeneza lilipoanza kuteremshwa, picha iliganda. Iliporudi, watu walikuwa wanafukia. Akaosha uso, akarudi mlangoni, akatabasamu.

Ijumaa iliyofuata ilikuwa siku yake ya mapumziko. Katika chumba cha watu sita huko Al Wukair, kilio kikaja chenyewe. Kwao Bungoma mtu hamlilii mamake kwa kitambaa mdomoni. Hutoka nje, mikono kichwani, akamwita marehemu kwa jina, akamsimulia mema yake, akamlaumu kwa kumwacha, huku akitembea huku na huko. Wahenga walisema kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Nasimiyu alianza. Wa mbali hawakujua pa kuingilia.

Wenzake wa chumbani, wanawake wa mataifa matatu tofauti, hawakuwa wamewahi kuona jambo kama hilo. Wawili walimkamata mikono. Mmoja alifunga dirisha asije akajirusha. Mwingine akapiga simu ofisini, na baada ya dakika ishirini gari la wagonjwa likawa limesimama mlangoni.

"Walinishika kwa upendo, sina neno nao," anasema Nasimiyu. "Lakini ukimshika mtu anayelia, kile kilio kinarudi ndani. Changu kilirudi."

Mshauri nasaha aliyeletwa na kampuni alikuwa kijana mpole. Alimpa maji, akamuuliza maswali kutoka kwenye fomu. Je, huwa anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii? Nasimiyu, ambaye hakulelewa kusema uongo, alikiri kwamba kila alfajiri, kabla ya kengele ya simu, humsikia mamake akimuuliza, "Umefika?" Ndilo swali ambalo Mama Proscovia alimuuliza kila jioni kwa miaka minne, akitaka kujua kama amefika chumbani salama.

Mwanamke yeyote wa Kimilili angemjibu papo hapo kwamba mamake anamngoja, aende akamlilie. Kijana yule alimuuliza kama sauti hiyo humwamuru ajidhuru. Akasema la. Hata hivyo kalamu ya kijana iliendelea kuandika kwa muda mrefu.

Wiki mbili baadaye Nasimiyu alikabidhiwa barua. Alihamishiwa lango la nyuma, na mkataba wake unaoisha Desemba mwaka huu usingeongezwa hadi mtaalamu mwenye leseni athibitishe kuwa akili zake ni timamu. Mshahara wake ni riyali 1,700. Kati ya hizo, 1,100 huenda nyumbani kwa karo na chakula cha mabinti, ambao sasa wanaishi na kaka yake, Job. Akifukuzwa, hakuna mwingine wa kuwasomesha.

Ndipo alipoanza kumtafuta mtu wa kumwelewa, na kumtafuta kulichukua miezi mitano. Mtaalamu mmoja, wa riyali 500 kwa saa, alimfundisha kuvuta pumzi, kisha akamshauri amwandikie mamake barua na kuichoma moto ili aage. Nasimiyu alitoka pale bila kuaga mtu. Kwao hakuna anayeliita jina la mzazi na kulitia kwenye moto.

Alijaribu pia kwa watu wake. Kwenye ibada ya Wakenya siku ya Ijumaa, kiongozi wa maombi, jirani kabisa wa kwao, alimwekea mkono kichwani na kuikemea roho iliyokuwa ikijifanya mama.

"Huyo ndiye aliniumiza kuliko wote," anasema. "Alimkemea mama yangu mbele ya watu, na mimi nimepiga magoti."

Aliyemwokoa ni dereva wa basi la walinzi, Ronny, Mganda wa Mbale. Yeye ni Mgisu, na Wagisu na Wabukusu, kabila la Nasimiyu, huhesabiana kama ndugu. Alimwona binti wa watu anazidi kukonda, akamdadisi mpaka akaambiwa. Akamwelekeza kwa Kawira, Mkenya wa kabila la Wameru mwenye leseni anayetoa ushauri nasaha jioni mbili kwa wiki katika kliniki ndogo juu ya duka la dawa, mtaa wa Al Mansoura.

Nasimiyu alipanda ngazi zile shingo upande. Mmeru atajua nini kuhusu msiba wa Mbukusu? Kumbe Kawira hakujua lolote, na alilisema hilo mwanzoni. Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuliuliza.

"Kwenu, mtu akikosa mazishi ya mzazi, hufanya nini?"

Nasimiyu alieleza kwamba mtu huyo haingii nyumbani. Hupitia kaburini kwanza, hata kama amefika na mizigo, akalia kwa sauti hadi amalize. Ndipo hupewa maji, ndipo husalimiwa.

Kawira alimjibu. "Basi dada, wewe bado hujafika."

Hapo hapo kilio kikatoka, kile kile cha Al Wukair. Kawira hakumpa karatasi ya kufutia machozi wala hakumgusa. Mtu wa duka la dawa alipopanda kugonga, Kawira alifungua mlango kidogo, akamwambia kuna msiba humu ndani, akaufunga.

Cheti alichoandika Kawira kilisema kwamba Nasimiyu ni mzima, yuko matangani, na dawa yake ni likizo. Kampuni ilikubali nusu. Mkataba utaongezwa, lakini likizo ni Desemba, siku ishirini na moja, wala si kabla. Mlango wa mbele tayari una mtu mwingine. Wenzake chumbani bado huficha visu vya jikoni, na yeye hujifanya haoni.

Sauti haijakoma. Tofauti ni kwamba siku hizi huijibu. "Namwambia, bado, mayi. Mayi ni mama kwa lugha yetu. Namwambia anivumilie."

Tikiti ni ya tarehe kumi na mbili Desemba. Wiki iliyopita alimpigia Job kumpa maagizo, na Job, ambaye alikuwa amepanga kuchinja jogoo na kuwavalisha mabinti nguo mpya, ilibidi asikilize tu. Chakula kisipikwe kabla hajafika. Asipokewe kwa nyimbo. Watoto wasimkimbilie langoni, ingawa mdogo alimwacha akitambaa na hamjui ila kwa simu. Njia ya kuelekea kaburini, pale kando ya migomba, ifyekwe.

Lori la pili limefika. Nasimiyu anasimama, anavaa kofia, na kabla ya kuinua mkono anataja agizo la mwisho, lile alilolirudia kwa kaka yake mara mbili.

"Nilimwambia, mkinisikia nalia, mtu asinishike."